Konda wa Helikopta

Kijijini kwake, huko Mwamapalala, wanamwita Konda. Sisi aliotufundisha kikosini tulimwita Mkufunzi, na mpaka leo nikimpigia simu naanza na neno hilo, halafu najikuta nimesimama wima hata kama niko jikoni nakaanga vitumbua. Jina lake nalijua vizuri. Siliandiki kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda kuitwa kwa jina kazini. Alisema jina linamkumbusha kwao, na akikumbuka kwao anaanza kuwaza ng'ombe.

Hilo la Konda lilianza siku alipostaafu na kurudi nyumbani. Watu walimpokea kwa vigelegele, wakasema rubani wetu amerudi. Mtu mwingine angenyamaza ale sifa zake taratibu. Yeye akasimama mbele ya watu wote akasema, "Mimi si rubani." Mzee mmoja jirani akauliza, "Sasa miaka yote hiyo mle ndani ulikuwa unafanya nini?" Akajibu, "Nalala mlangoni, nachungulia chini, namwambia rubani asogee wapi na asimame wapi." Yule jirani akafikiri kidogo, akasema, "Kumbe ulikuwa konda." Watu walivunjika mbavu, na yeye akacheka kuliko wote. Tangu hapo jina likaganda, na wala hajawahi kulikana.

Lakini jirani hakukosea sana. Rubani wa helikopta amekaa mbele na macho yake yako mbele. Mkia haoni, magurudumu ya nyuma haoni, na kile kilicho chini ya tumbo la chombo ndiyo kabisa. Kwa hiyo pale mlangoni analala mtu kifudifudi, amefungwa mkanda, kichwa nje, hedseti masikioni, na huyo ndiye anayesema. Mbele. Mbele. Taratibu. Kulia kidogo. Mkia salama. Shuka. Shuka. Gusa. Maneno hayakatiki mpaka magurudumu yaguse ardhi, maana ukinyamaza rubani amebaki kipofu. Na ukiona hatari, kuna maneno mawili tu: "Usishuke. Panda." Rubani akiyasikia hayo, awe kapteni awe kanali, anapanda kwanza, maswali baadaye.

Mimi maneno hayo mawili yalinishinda. Kila kitu kingine nilikiweza. Mikanda, winchi, mizigo, huduma ya kwanza, nilikuwa mbele ya wenzangu. Ila kumwambia mtu mzima "usishuke", weee! Kinywa kilikuwa hakifunguki. Na Mkufunzi alikuwa ameniambia wazi kwamba asiyeweza maneno hayo haruki, anarudi bohari kupanga buti na mashuka. Mimi bohari nilitoka huko huko, na sikutaka kurudi hata kwa dawa.

Mtu wa pwani anaweza kuona ni jambo dogo. Nimelelewa Lagangabilili, kabla ofisi za wilaya hazijajengwa, na kwetu binti anamsalimu mzee kwa kupiga goti. Mzee humwambii "usi". Humkatazi. Unamzungukia kwa mbali. Siku moja baba alitaka kukalia kigoda kilichovunjika mguu, nami nikiwa pale pale nikaanza, "Baba, samahani, naona kama hicho kigoda, sijui, labda..." Nilikuwa bado kwenye labda, baba yuko chini, miguu juu. Na hakunikasirikia hata kidogo, kwa sababu nilikuwa na adabu.

Basi jaribio la kwanza angani lilikwenda hivyo hivyo. Rubani alikuwa meja mwenye mvi, umri wa baba yangu. Chini kulikuwa na shimo la mazoezi limepakwa chokaa, yeye anashuka juu yake makusudi, kazi yangu ni kumzuia. Nikabonyeza kitufe. "Afande, samahani, naomba kama itawezekana tusi..." Mkufunzi alikuwa amelala kando yangu. Akabonyeza kitufe chake akasema, "Panda," tukapanda. Tulipotua akaniambia, "Binti, samahani yako ni ndefu kuliko miguu ya helikopta."

Alikuwa mnene, mfupi, na masharubu aliyoyatunza kuliko bustani. Mtu akimwona amekaa kantini na soda yake asingedhani anaweza kulala kwenye mlango wa chombo kinachotikisika saa nzima bila kugeuza shingo. Mfuko wa kushoto wa ovaroli yake ulikuwa na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, aliyotumiwa na mke wake kutoka nyumbani. Kwetu wanafunzi alipiga marufuku chakula ndani ya helikopta. Hata pipi. Alisema chembe moja ikiingia kwenye nyaya tutamletea balaa. Halafu akawa anatafuna matobolwa yake humo humo, taratibu, kama ng'ombe aliyelala. Mwenzetu mmoja jasiri akamuuliza. Akajibu kwamba matobolwa si chakula, ni kumbukumbu. Lo!

Njia zake za kufundisha zilikuwa za ajabu, na nasikia alizibuni mwenyewe. Maarufu zaidi ilikuwa ya toroli na mayai. Asubuhi, kabla ya kifungua kinywa, alikwenda bwaloni kuchukua trei ya mayai, akaiweka kwenye toroli la bustani. Halafu anamchukua afisa mwanafunzi wa urubani, anamfunga kitambaa machoni, anampa mikono ya toroli. Mmoja wetu wa mlangoni anatembea nyuma na kumsemesha, azunguke ngoma za mafuta, apite kati ya nguzo, asimame kwenye duara. Yale mayai ndiyo kifungua kinywa chetu sote, na yakivunjika tunakunywa chai na mkate mkavu. Wiki za mwanzo tulikula mkate mkavu mno. Maluteni wale wakawa wanatusihi, "Semeni mapema jamani, semeni kwa ufupi, tuna njaa." Hapo ndipo tulipoelewa kwamba sauti ya mlangoni ina mwendo. Ukisema harakaharaka, rubani anakwenda harakaharaka. Ukitulia, anatulia. Mkufunzi alisimama kando na kikombe chake, masharubu yanacheza kwa kicheko alichokizuia.

Mimi kwenye toroli nilikuwa bingwa, kwa sababu maluteni wale walikuwa vijana wenzangu. Kijana mwenzangu nilimwambia "simama" bila shida, hata "simama wewe" nilimwambia. Mkufunzi akaliona hilo upesi. Na ndiyo sababu ya lile janga la boza.

Boza letu la maji liliendeshwa na dereva mzee kuliko watu wote kambini, raia, mpole, kofia yake ya baraghashia haitoki kichwani. Sote tulimwita Baba. Mkufunzi akapanga naye. Baba anapiga rivasi kuelekea ukuta wa bwalo, mimi nimesimama nyuma nimsemeshe, na nikiona karibu nimsimamishe. Aliniambia niseme neno moja tu, "Simama." Baba akarudi, akarudi. Nikaona ukuta unakaribia. Nikafungua kinywa, nikasema, "Baba, samahani, hapo pana..." Puu! Boza likaangusha matofali ya juu ya ukuta, na maji yakamwagika kwenye maua ya mkuu wa kikosi. Wapishi wakatoka na miiko. Baba akashuka, akatazama, akaniambia kwa upole, "Usijali mwanangu, ulikuwa unanisalimia." Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Mkufunzi hakunikaripia. Alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa kikosi kueleza habari za maua, na jioni tulimwona anayapanda upya, mimi nimeshika ndoo.

Pale kwenye maua ndipo aliponiuliza kwetu ni wapi. Nikamtajia. Akasimama na koleo lake, akasema, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje mama, ingawa ilikuwa jioni na salamu hiyo ni ya asubuhi. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia Kisukuma kambini. Magoti yangu yakashuka yenyewe kwenye tope, nikamwitikia kama ninavyomwitikia babu. Akatikisa kichwa. "Unaona?" akasema. "Hata mimi kwetu ni huko huko. Hayo magoti nayajua. Nilikuwa nayo humu mdomoni miaka mingi kabla hayajatoka." Nikamuuliza aliyatoaje. Akasema, "Niliogopa zaidi kufa." Halafu akacheka, tukaendelea kupanda maua ya bosi.

Kitu kimoja kilichotuchanganya ni kwamba mtu huyu aliyetufundisha kuwakatiza wakubwa alikuwa na adabu kupita wote. Mpishi akipita anasimama kumsalimu. Mfagiaji akipita anasimama. Akikutana na mtu wa kwao, salamu zinakwenda mpaka kwa ndama, mvua, shamba la shemeji, na mtu mwenyewe anasahau alikuwa anakwenda wapi. Ukiwa na haraka unamkwepa kwa kuzunguka nyuma ya karakana. Lakini akishavaa hedseti anageuka mtu mwingine kabisa, maneno mafupi, hakuna afande, hakuna tafadhali. Alituambia, "Adabu yako iache bwaloni. Hakuna atakayeiiba, utaikuta." Mimi nilidhani ni maneno ya kuchekesha tu, mpaka nilipomsikia akiwa na mkuu.

Mkuu huyo, cheo chake tukiache, alikuwa anakwenda kupokelewa kwenye uwanja wa mpira wa mji mmoja. Viti vya plastiki vimepangwa, matarubai yamefungwa, ngoma inasubiri, na watoto wa shule wamejaa pembeni. Tukafika juu. Mkufunzi mlangoni akatazama mara moja tu, akasema, "Usishuke. Panda. Viti na matarubai, karibu mno." Mkuu alikuwa na hedseti pia, akasema kwamba anasubiriwa pale na ratiba ni ngumu. Mkufunzi akarudia, "Panda." Rubani akapanda. Tukatua mbali, kwenye shamba la mpunga lililokwisha kuvunwa lakini halijakauka, na mkuu akatembea hadi kwenye shughuli yake viatu vikifyonza tope. Nilidhani tumekwisha. Mkufunzi akavua hedseti, akaruka chini, akabeba mkoba wa mkuu, akatembea kando yake njia nzima akimwita mheshimiwa, akimwomba radhi, akimshika mkono kwenye mitaro. Walipofika, mkuu alikuwa anacheka. Sijui alimwambia nini. Nilimuuliza akasema walizungumzia bei ya ng'ombe.

Na kama unataka kitu cha kuchekesha kweli, mtu huyu aliogopa urefu. Si utani. Ngazi ya hatua chache ilimtoa jasho. Taa ya ofisi yake ikiungua alimwita mtu, akasimama pembeni akitazama ukuta. Kwake Mwamapalala mke wake ndiye anayepanda juu ya nyumba kurekebisha bati, naye Konda anashika ngazi chini na macho ameyafumba. Mke wake ameniambia hivyo mwenyewe, huku anapiga makofi kwa kucheka. "Mayu, mume wangu nimeolewa naye akitoka mawinguni, lakini paa napanda mimi." Nilipomuuliza Mkufunzi akasema bila aibu kwamba helikopta ina mkanda, ngazi haina.

Jaribio la pili nilishindwa pia, sitalisimulia, lilifanana na la kwanza ila samahani ilikuwa fupi kidogo. La tatu ndilo lilikuwa la mwisho kwangu. Wakamleta mkuu wa mafunzo mwenyewe kuwa rubani, mtu ambaye nilikuwa nikimwona gwaride tu. Chini kulikuwa na kisiki. Chombo kinashuka, nikaona kisiki kinakuja, na moyo wangu ukawa unapiga kuliko panga za juu. Nikasema, "Usishuke. Panda." Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto wa kuku, lakini ilitoka. Tukapanda. Nikalia mle mle ndani, machozi ndani ya helmeti, hata kuyafuta huwezi. Mkufunzi akanipa tobolwa moja. Wenzangu hawakuamini nilipowaambia, kwa sababu hakuwahi kumpa mtu.

Nilifaulu, nikapewa bawa la kushona kifuani. Lakini nasema ukweli, furaha yangu ilikuwa na tundu. Yule mkuu wa mafunzo alikuwa bosi, hakuwa mzee wangu. Nilijua moyoni kwamba sijawahi kumkatalia mtu ninayempigia goti. Niliruka miaka kadhaa nikiwa na wasiwasi huo, na kila safari nilimshukuru Mungu kwamba jambo lenyewe halijatokea.

Yeye akastaafu, akarudi kulima pamba. Nikija likizo nilimpitia, na sikuwahi kumkuta amekaa. Msimu wa pamba yuko ghalani kwa chama cha msingi, ambako Fuso zinakuja kupakia marobota na magunia. Hakuna aliyemwajiri. Lakini Fuso ikipiga rivasi yeye tayari yuko nyuma, kifua mbele, "Njoo. Njoo. Taratibu. Kushoto. Njoo. Simama!" Madereva wa kutoka Mwanza walikuwa wanashangaa mzee huyu ametoka wapi, wanaambiwa, "Huyo Konda, msikilize." Wakishamzoea hawataki mtu mwingine. Dereva mmoja aliniambia kwamba anarudi nyuma na macho amefumba. Nikamwambia kijana, fumbua.

Sasa nije kwenye mvua za mwaka jana. Barabara zilikatika huku kwetu, mito ikafurika, na kikosi kikatuma helikopta kukaa Bariadi kwa muda kusaidia. Mimi nilikuwa mlangoni, na rubani alikuwa kapteni mmoja aliyewahi kuvunja mayai yetu kwenye toroli, na kando yake rubani msaidizi. Siku moja tulikuwa tumepeleka dawa Bukundi, huko Meatu, na muuguzi tuko naye. Tukiwa tunarudi ikaja simu ya upepo kwamba Mwamapalala kuna mama mjamzito uchungu umemzidi, ameshindwa kujifungua, na mto umekata njia. Mtendaji wa kijiji anasema mahali pa kutua pameandaliwa. Kapteni akauliza pameandaliwa na nani. Jibu likaja, "Ameandaa Konda." Ndani ya hedseti tukacheka, mimi na kapteni. Kapteni akasema, "Basi leo tunatua kitandani."

Tulipofika nikamwona. Amesimama nyuma ya ghala la pamba, mikono juu, mgongo wima, ile suruali yake ya kaki. Alikuwa amechagua vizuri. Kijiji kizima ni udongo mweusi wa mbuga, mvua ikinyesha unameza buti, ila pale nyuma ya ghala pana changarawe ngumu. Watu amewasogeza mbali. Mama mgonjwa yuko kwenye kitanda cha kamba, wanaume wamekishika, wanasubiri. Mkufunzi anatuashiria, njoo, njoo. Na mimi nasema yangu, mbele, mbele, taratibu, mkia salama, shuka.

Ndipo upepo wa panga zetu ukafika upande wa pili wa ukuta wa ghala. Kulikuwa na turubai huko, likapeperuka, na chini yake nikaona mabati. Mabati mapya ya darasa la shule, yamepangwa, yamewekewa mawe. Bati la juu likainua pembe, likalala, likainua tena, na jiwe likateleza. Bati likiruka na kuingia kwenye panga, hakuna anayebaki kusimulia. Yeye alikuwa ameyapa kisogo, amesimama kati yetu na ukuta, anaashiria shuka, shuka. Na kapteni anamwona yeye. Nikamsikia anasema, "Mkufunzi anaita, tunashuka."

"Usishuke," nikasema. "Panda. Panda."

Chombo kikapanda. Sikumbuki kama niliogopa. Nakumbuka tu kwamba sikuanza na neno lingine lolote. Tulipokuwa juu kapteni akauliza kuna nini, nikamwambia mabati, nyuma ya ukuta. Akasema, "Na yeye hakuyaona?" Nikamwambia hawezi kuyaona.

Lakini kule chini hawakujua. Wanawake walishika vichwa, wakadhani tunaondoka. Na mikono ya Mkufunzi nikaiona inashuka, taratibu, mpaka ikakaa ubavuni. Mbele ya kijiji chake chote. Niliumia, sitaficha. Nikatafuta mahali pengine nikapaona, mwinuko mdogo wa mawe ng'ambo ya shule, nikamsemesha kapteni mpaka tukagusa. Kitanda kikaletwa huko kwa miguu, kwenye tope, wanaume wanazama mpaka magotini, na mguu mmoja wa kitanda ameushika yeye, masharubu yamelowa, anahema. Tukampakia mama. Kwa kelele za injini hakuna anayeweza kusema kitu. Mkufunzi alinitazama, nami nikashindwa kuusoma uso wake. Nikafunga mlango.

Mama alifika hospitali Bariadi, akajifungua, mtoto akalia. Tulisherehekea kwa soda. Lakini mimi soda haikunishuka vizuri. Nilimtangaza mzee wangu mbele ya watu kwamba hajui kazi yake, kazi aliyoifanya maisha yake yote. Siku zikapita sikumpigia simu, wala yeye hakunipigia. Mwishowe nikapewa siku ya mapumziko, barabara ilikuwa imeanza kupitika kwa pikipiki, nikanunua sukari na sabuni, nikachukua bodaboda kwenda Mwamapalala. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kuomba radhi, marefu, na kila nikiyarudia yanazidi kurefuka.

Nyumbani nikamkuta mke wake anaanika michembe, vipande vya viazi vibichi. Nikapiga goti, tukasalimiana. Nikamuuliza mzee yuko wapi. Akasema, "Yuko mashineni. Tangu siku ile haongei kingine, mayu. Nimechoka kumsikiliza, nenda kamsikilize wewe." Moyo wangu ukaanguka kabisa.

Mashine ya kusaga haikuwa inaunguruma, mkanda ulikuwa umekatika, na watu wamekaa na ndoo zao za mahindi wakisubiri fundi. Katikati yupo yeye, mweupe kwa unga, mikono juu. Sikusogea. Nilisimama nyuma ya watu nikasikiliza.

"Mimi nimesimama hivi," alikuwa anasema, "mtaalamu! Kifua mbele! Nawaita, njooni, njooni, na nyuma yangu mabati yanacheza ngoma! Mabati niliyoyawekea mawe kwa mikono yangu! Nikasema mawe yanatosha! Halafu chombo kikaniacha. Hivi!" Akaonyesha kwa kiganja jinsi tulivyopanda. "Nikabaki na mikono yangu kama nguo kwenye kamba. Kugeuka, nayaona! Nikamwambia mtendaji, amenikataa. Mtoto amenikataa! Mtendaji akadhani nimekasirika. Mimi nilikuwa nataka kucheza kwa furaha!"

Watu walicheka mpaka ndoo zikagongana. Kuna bibi mmoja alikuwa anajifuta machozi kwa kanga. Mimi pia nilikuwa nacheka na nalia pamoja, sijui kipi kilianza. Hapo ndipo akaniona. Mikono ikashuka. Akapita katikati ya watu mpaka nilipo, na kabla sijapiga goti akanishika mkono kunizuia. Yale maneno yangu yote marefu ya njiani yakanipotea.

Akaniuliza kwa sauti ya chini, ya mimi na yeye tu, "Mle ndani ulikuwa na nani?"

Nikamtajia. Kapteni, yule aliyevunja mayai. Rubani msaidizi, kijana wa Tabora, mke wake amejifungua juzi juzi. Muuguzi. Alisikiliza kila mmoja kama anayepokea salamu zake.

"Wote wazima," akasema.

"Wote wazima, Mkufunzi."

Akaendelea kunishika mkono. Macho yake yalikuwa yamejaa, akayafuta kwa mkono wa shati, ule unga ukamganda usoni. "Wabeja, mayu," akanishukuru kwa Kisukuma chetu. "Wabeja sana." Halafu akawageukia watu, akanivuta mbele akanisimamisha katikati yao kwa mabega, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Huyu hapa aliyenikataa! Sasa kaeni vizuri, naanza upya, nasimulia mbele yake."